Juma la Mwisho la Mwalimu Kijana

Watoto, mwalimu naye hujifunza kazi yake, kama seremala ajifunzavyo kutumia randa, na kama fundi cherehani ajifunzavyo kukata kitambaa. Hakuna mtu aliyezaliwa na chaki mkononi. Katika nchi ya Kongo, kijana atakaye kufundisha shule ya msingi husoma kwanza sekondari, katika sehemu ya ualimu. Huko hufundishwa namna ya kupanga somo, namna ya kuuliza, na namna ya kungoja jibu. Kisha, kabla ya kufanya mtihani wa Taifa, ule ulioanzishwa mwaka 1967, hutumwa katika darasa la kweli lenye watoto wa kweli, akafundishe majuma machache. Mazoezi hayo huitwa staji. Mwalimu mwenye darasa huketi nyuma, husikiliza, na huandika.

Kijana mmoja alifanya mazoezi hayo katika shule ya Sanga, upande wa Kamina. Alipewa darasa la pili. Mwenye darasa alikuwa mama mtu mzima, na watoto walimwita Mama Mwalimu. Basi yule kijana wakamwita Mwalimu Kijana, wasije wakawachanganya.

Siku ya kwanza Mama Mwalimu alimwambia, “Mwanangu, wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mimi sina siku mbili za kukupa.” Akamtia chaki mkononi, akaenda kuketi nyuma.

Mjue kwanza habari za mahali hapo. Kamina ni mji wa reli. Njia ya reli itokayo kusini mwa Katanga mpaka Ilebo, kwenye mto Kasai, ilimalizika mwaka 1928. Mwaka 1956 njia nyingine ikaunganisha Kamina na Kabalo, kwenye mto Lualaba. Kwa hiyo watu wa makabila mengi walikutana hapo, na Kiswahili kikawa lugha ya soko na ya stesheni. Mwaka 2015 Kamina ukawa mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Lakini nyumbani, hasa vijijini, watoto wengi husema Kiluba. Mtoto hufika shuleni na Kiluba kinywani, humkuta mwalimu akisema Kiswahili, na madarasa ya mbele Kifaransa kinamngoja. Lugha tatu kwa kichwa kimoja kidogo! Sheria ya elimu ya mwaka 2014 iliagiza kwamba katika shule za msingi lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfungua mtoto kinywa. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Darasa lile lilikuwa na watoto 63. Tangu Septemba 2019, masomo ya shule za msingi za Serikali yalipofanywa bure, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na madawati hayakuongezeka upesi kama watoto. Watoto wanne waliketi katika dawati moja, mashati meupe yamebanana bega kwa bega. Mmoja akiandika, kiwiko chake kilimsukuma jirani, na herufi ya jirani ikapata mkia usiotakiwa.

Mwishoni, karibu na dirisha, aliketi mtoto mwanamume aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo alilima karanga na mihogo. Mtoto alikuja kila siku na karanga mfukoni, akawagawia wenzake, na wenzake walimpenda. Lakini alipoitwa kusoma, aliinamisha kichwa, akanyamaza kama jiwe. Watu walidhani hajui kitu.

Siku moja, wakati wa mapumziko, mvua ilinyesha, na watoto wakabaki ndani. Mwalimu Kijana akaketi karibu na mtoto yule. Akaweka kidole chini ya neno katika kitabu, asiseme lolote. Kidogo kidogo mtoto akaanza kusoma, kwa sauti ya chini kama ya nzi kwenye chupa. “Ma-ma. Ka-la-mu.” Kumbe herufi alizijua! Alichokosa ni ushujaa wa kusema Kiswahili mbele ya watu, kwa sababu aliogopa kuchekwa.

Tangu siku hiyo Mwalimu Kijana aliketi naye kila mapumziko. Mtoto akasoma vizuri, lakini kando ya Mwalimu Kijana tu. Mama Mwalimu akimwita, kichwa kiliinama tena.

Hivyo likafika juma la mwisho.

Jumapili jioni Mwalimu Kijana aliwasha taa, akafungua daftari lake la matayarisho. Alhamisi walikuwa waje watu watatu kumtazama akifundisha: mwalimu wake wa ualimu, mkuu wa shule, na Mama Mwalimu mwenyewe. Alama za siku hiyo zilikuwa alama kubwa. Wenziwe wawili waliofanya staji pamoja naye walimpa shauri. Wakasema, “Siku hiyo waulize wale kumi wa mbele. Wanajibu upesi, na somo linakwisha kwa saa yake. Na yule mtoto wako wa dirishani, mtume akachote maji.”

Mwalimu Kijana hakujibu. Alikuwa akiwaza jambo jingine. Jumatatu ijayo yeye hatakuwapo. Nani ataketi na mtoto yule? Kama mtoto anasoma kando yake tu, basi siku atakapoondoka, kusoma kule kutaondoka pamoja naye. Mwalimu wa namna hiyo anafanana na mtu aliyemvusha mwenzake nusu ya mto, kisha akamwachia mkono katikati ya maji.

Jumatatu asubuhi alimwendea Mama Mwalimu kabla ya kengele. “Mama, shikamoo. Nina neno juu ya mtoto wa dirishani.” Akamweleza yote. Mama Mwalimu alishangaa. “Mwanangu, mimi nimekuwa naye tangu Septemba, na sauti yake siijui. Lakini wao ni 63. Nikiketi na mmoja, 62 wanafanya nini?”

“Ni kweli, Mama,” akasema kijana. “Kwa hiyo haifai aketi na mwalimu. Tumtafutie mwenziwe.”

Jumanne wakamhamisha mtoto, wakamketisha na msichana mmoja, binti wa mfanyakazi wa reli. Msichana huyu alisoma upesi, naye hakuwa na tabia ya kucheka wengine. Mwalimu Kijana akamwagiza: “Weka kidole chini ya neno. Usiseme neno mwenyewe. Ngoja.” Msichana aliona kungoja ni kazi ngumu kuliko kusoma. Mara ya kwanza alisema neno kabla ya mwenziwe. Mara ya pili akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya tatu akangoja, na mtoto akasoma. Mwalimu Kijana alisimama mbali, karibu na mlango, akajifanya anatazama mvua.

Jumatano alikuja mzee mmoja wa mahali hapo, babu wa mtoto mmojawapo. Mwalimu Kijana alikuwa amekwenda kumsalimu na kumwomba awaeleze watoto habari ya lukasa. Watoto wakasimama, wakampigia makofi ya heshima.

Mzee akasema, “Wajukuu zangu, watu husema wazee wetu hawakujua kusoma. Sikilizeni. Katika utawala wa Waluba wa kale kulikuwa na watu wenye kazi ya kukumbuka. Walikuwa wa chama cha Mbudye. Kitabu chao kilikuwa lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, kimepambwa shanga na makome. Shanga moja ilikuwa mfalme, nyingine ilikuwa mahali, mstari wa shanga ulikuwa njia au safari. Mwenye kukisoma alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akasimulia habari za wafalme na za nchi. Mimi sikufundishwa kukisoma. Haikuwa kazi ya kila mtu. Mtu alifundishwa miaka mingi.”

Mtoto mmoja akauliza, “Babu, vibao hivyo viko wapi sasa?”

“Vingi vimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani,” mzee akajibu. “Watu wa huko huvitazama nyuma ya kioo. Lakini tazameni neno moja. Kibao bila mtu aliyefundishwa ni mti tu wenye shanga. Ndiyo sababu mwalimu wa lukasa hakufundisha kibao. Alifundisha mtu, ili mwenyewe akifa, mwingine aweze kushika kibao na kusema.”

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu Kijana moyoni. Yule mtoto wa dirishani naye alisikiliza sana, maana mzee alichanganya Kiswahili na Kiluba, na hakuna aliyecheka. Tena alisikia kwamba hata wenye hekima wa kale walisoma kwa kidole.

Basi mchana ule darasa likatengeneza kibao chake. Hakikuwa lukasa ya kweli, nao walijua. Kilikuwa ubao wa kasha la sabuni, mmoja wao ameuleta kutoka nyumbani. Watoto wakatafuta ulimbo wa kunasia ndege, wakaleta maharagwe, mahindi, na mbegu za maboga. Mwalimu Kijana akasema, “Kila mtu abandike mbegu moja. Mbegu hiyo ni jambo moja analolijua sasa, ambalo mwezi wa Septemba hakulijua. Asiseme leo. Tutasoma kibao chetu Jumamosi.” Mbegu 63 zikabandikwa. Mikono nayo ikanata, na vitabu vichache pia.

Alhamisi wale watu watatu wakaja, wakaketi nyuma na kalamu zao. Somo lilikuwa la kusoma, na muda wake nusu saa. Mwalimu Kijana akaandika ubaoni maneno yaliyokuwa katika matayarisho yake: “Treni inafika stesheni. Mama anauza mihogo.” Akauliza maana. Watoto wa mbele wakajibu upesi. Akawasomea mara moja. Darasa lote likasoma pamoja. Kila kitu kilikwenda kwa saa yake. Imebaki watoto wachache wasome mmoja mmoja, kisha wote waandike katika daftari. Ndivyo alama zinavyopatikana.

Mikono mingi ilikuwa juu. “Mimi, Mwalimu! Mimi, Mwalimu!” Mwalimu Kijana akatazama saa, akatazama wale wa mbele, kisha akamwita mtoto wa karanga.

Darasa likanyamaza. Mtoto akatembea taratibu mpaka ubaoni, akasimama. Mwalimu Kijana hakumkaribia. Alirudi nyuma mpaka mlangoni. Dakika moja ikapita. Mwalimu wa ualimu akaandika kitu. Mama Mwalimu akashika kitambaa chake cha kichwa. Dakika ya pili ikaanza. Kungoja ni kazi ngumu, watoto, hata kwa watu wazima. Neno moja la msaada lingalitosha kumaliza aibu ile, lakini neno hilo lingalikuwa la mwalimu, si la mtoto.

Mtoto akainua kidole, akakiweka chini ya neno la kwanza la mstari wa pili, kama alivyoonyeshwa na mzee. “Ma-ma,” akasema. Akasukuma kidole. “A-na-u-za.” Akapumzika. Akatazama dawati lake. Msichana wa reli alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. “Mi-ho-go.” Kisha akarudia yote kwa mara moja, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: “Mama anauza mihogo!”

Watoto wakapiga makofi bila kuagizwa. Lakini kengele nayo ikalia, na daftari hazijafunguliwa. Kuandika hakukufanyika.

Baada ya somo wakubwa walikutana na kijana, wakamweleza mazuri na mabaya, kama ilivyo desturi. Mwalimu wake wa ualimu akasema, “Umeandika katika karatasi yako kwamba watoto wataandika. Hawakuandika. Mwalimu hupaswa kutawala saa yake. Hapo nimepunguza alama.” Kijana akajibu, “Ndiyo, Mwalimu.” Wala hakujitetea, kwa sababu neno lile lilikuwa la haki.

Walipotoka nje, Mama Mwalimu alimwambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, alama zako zimepungua kidogo. Lakini mimi nimesikia sauti ya mtoto wangu. Jumatatu najua nianzie wapi.”

Ijumaa kulikuwa na mambo mengine. Watoto walijua kwamba kesho ni siku ya kuagana, na kiongozi wa darasa alikuwa akikusanya faranga kwa siri, wamnunulie Mwalimu Kijana shati. Mwalimu Kijana akaona mtoto mmoja hana daftari ya hesabu. Akamwuliza. Mtoto akalia, akasema, “Faranga za daftari nimezitoa kwa shati.”

Mwalimu Kijana akamwita kiongozi, akamwambia arudishe faranga zote kwa wenyewe, kila mtu mkononi mwake. “Nawashukuru,” akawaambia. “Moyo wenu nimeuona, na moyo ndio zawadi. Lakini shati lililonunuliwa kwa daftari ya mtoto lingenikwaruza mgongo. Mkitaka kunipa kitu, kesho kila mmoja asome mbegu yake vizuri.”

Watoto walinung’unika kidogo, maana walikwisha kuchagua rangi. Lakini mama mmoja alituma mahindi mabichi kutoka shambani, ukiwa wakati wa mvua, na hayo yakapokelewa. Yalichomwa nyuma ya shule, yakagawanywa. Kila mtu alipata kipande kidogo, na Mwalimu Kijana naye kipande kidogo kama wao.

Jumamosi wakasoma kibao. Mmoja mmoja alikuja mbele, akaweka kidole juu ya mbegu yake. “Najua kuandika jina langu.” “Najua saba mara mbili.” “Najua kwamba maji ya kunywa huchemshwa.” “Najua kuomba ruhusa kwa Kifaransa.” Mmoja akasema, “Najua kutopigana,” na jirani yake akasema hiyo si kweli, na wote wakacheka. Msichana wa reli akasema, “Najua kungoja.” Mtoto wa karanga akaweka kidole juu ya mbegu ya boga, akasema, “Najua kusoma mbele ya watu.” Mbegu hiyo aliibandika Jumatano, kabla hajasoma mbele ya mtu yeyote.

Kisha Mwalimu Kijana akakichukua kibao, akakikabidhi kwa mikono miwili kwa Mama Mwalimu. “Mama, watoto wako hawa. Haya ndiyo wanayoyajua.”

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ya kilio, “Mwalimu, utarudi?”

Ni rahisi kusema “nitarudi” siku ya kuagana. Machozi hukauka upesi, na watu hucheka tena. Lakini kijana alijua kwamba mtoto mdogo huhesabu ahadi, siku baada ya siku. Akasema, “Bado nina mtihani wangu. Nikiupita, sijui nitapelekwa kufundisha wapi. Siwezi kuahidi nisichokijua. Ninachokijua ni hiki: Jumatatu mtakuwa hapa, Mama Mwalimu atakuwa hapa, na kitabu kitakuwa hapa.” Wengine walilia. Mtoto wa karanga akaja, akamjaza karanga mkononi, akasema kwa Kiluba, “Wafwako,” yaani asante.

Jumatatu mwalimu alikuwa mmoja tu tena, na watoto 63. Mama Mwalimu akafungua kitabu, akaita majina mawili, kisha akamwita mtoto wa karanga. Mtoto akasimama. Akainamisha kichwa kidogo, kwa mazoea. Msichana wa reli akaweka kidole chini ya neno, akangoja. Mama Mwalimu naye akangoja. Na mtoto akasoma.

Watoto, ninyi nanyi mtaagana na walimu. Mmoja atahamishwa, mwingine atastaafu, mwingine ni mwanafunzi kama Mwalimu Kijana, aliyekuja kwa majuma machache. Ni vema kulia kidogo, maana mtu asiyesikitika hakupenda. Lakini msiseme, “Mwalimu wetu ameondoka, sasa hatuwezi.” Mwalimu mwema hufanya kazi ili siku moja msimhitaji. Mkitaka kumheshimu, fungueni kitabu Jumatatu inayofuata. Na kama jirani yako anasoma polepole, weka kidole chini ya neno, ufunge mdomo wako, ungoje.